Kumi na Moja za Hollimon

Jumatatu, 1 Aprili

Leo bosi wangu, Bwana Vandermeer, amebandika sumaku nyekundu kwenye ubao wa mahitaji ya timu, mstari wa beki wa mwisho. Nyekundu maana yake hitaji la kwanza: anatafutwa mpya. Ijumaa palikuwa na njano. Kilichobadilika kati ya Ijumaa na leo ni ripoti yangu.

Kurasa sita, kazi ya wiki tatu. Lakini mezani kwa meneja mkuu, Bwana Kessler, imefika sentensi moja tu, kwa sababu Vandermeer aliniambia, "Mzee hasomi kurasa, Juhasz. Mpe namba." Nikampa. Msimu uliopita tulifungwa kwa pasi ndefu mara kumi na sita. Katika mara kumi na moja, mtu wetu aliyekuwa karibu zaidi na mpokeaji mpira ulipotua ni Thurman Hollimon, jezi 27. Umri miaka thelathini na moja. Bega la kulia limepasuliwa Januari.

Kufikia saa nne asubuhi kila mtu ghorofani alikuwa anaitamka. Kumi na moja! Hata watu wa tiketi. Mmoja aliniuliza kwenye lifti kama ni mimi niliyeigundua, utadhani nimegundua mafuta.

Nilifurahi. Niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Nina miaka ishirini na minne, nina shahada ya takwimu, na tangu Agosti kazi yangu katika klabu hii ya mpira wa Kimarekani imekuwa kukata klipu na kubeba kahawa za maskauti, wale watafuta wachezaji. Mkataba wangu unaisha baada ya drafti, siku klabu zinapochagua wachezaji wapya wa vyuo. Leo wamelijua jina langu.

Lakini tangu mchana sijatulia. Sijui kwa nini.

Jumanne, 2 Aprili

Nimemwona Hollimon kantini. Anakuja kila siku kwa mazoezi ya bega, peke yake, wenzake hawataripoti mpaka tarehe 15. Alibeba sinia kwa mkono wa kushoto. Akaniita Profesa, kama kawaida yake, akaniuliza kama supu ya leo inalika. Nikasema inalika. Sikuwa nimeionja.

Nikarudi juu bila kula.

Jumatano, 3 Aprili

Lazima niandike hili taratibu, kwa mpangilio.

Vandermeer alitaka klipu nane kati ya zile kumi na moja, kwa ajili ya kikao cha Alhamisi ya wiki ijayo. Nikataka ziwe nzuri. Nilipohesabu mwezi uliopita nilitumia kamera ya ubavuni, ile inayoonyesha uwanja kwa mapana, ndiyo rahisi kupimia nani yuko karibu na nani. Leo nikafungua na kamera ya nyuma ya goli, ili tu nipate picha ya jezi yake kwa mgongo, anavyofukuzana na watu. Picha inayouma. Ndiyo, hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Klipu ya tatu. Mpira haujaanza kuchezwa. Hollimon amesimama nyuma ya wote, anatazama wapinzani wanavyojipanga. Anaweka kiganja juu ya helmeti, utosini. Sekunde moja. Anakitoa. Kisha anasogea kwenda katikati.

Upande wa kushoto, beki wetu wa pembeni, mkongwe, anajipiga paja na kurudi nyuma. Amemwona. Upande wa kulia, beki mwenzake kijana, Tavion Ruffin, hageuzi shingo. Anamkodolea macho mpokeaji anayemlinda, amempa Hollimon mgongo. Mpira unaanza, mpokeaji anampita Ruffin, Ruffin anamwachia kana kwamba kuna mtu nyuma yake. Hakuna mtu. Hollimon ameshahama. Anageuka kutoka katikati, anapiga mbio yadi ishirini, anachelewa kwa urefu wa mkono mmoja.

Kamera ya ubavuni ilinionyesha mwisho tu: 27 akikimbia nyuma ya mtu aliyefunga. Nikaandika, "27 kapitwa."

Nikafungua nyingine. Kiganja. Nyingine. Kiganja. Kila mara mkongwe wa kushoto anajipiga paja, na kila mara pasi inakwenda kulia.

Saba. Saba kati ya kumi na moja zina kiganja. Tatu ni kosa la Hollimon kweli, sina la kumtetea. Moja kamera haikushika mwanzo.

Kile kiganja ni amri. Anabadilisha mpango. Anasema: mimi nakwenda katikati, ninyi wa pembeni shukeni nyuma na watu wenu. Na Ruffin hakuwa anatazama.

Nilihesabu aliyekuwa karibu. Aliyekuwa karibu ni yule aliyekimbia kwenda kuzima moto wa mwenzake. Mwenye kosa alikuwa ameshabaki yadi kumi nyuma, nje ya picha!

Mwalimu wangu wa kwanza wa uskauti alituambia wazi: usimtie mtu hatiani kabla hujajua mpango uliokuwa umeitwa. Niliandika kwenye daftari. Nikapiga na mstari chini yake.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimeamka na wazo moja: madaftari ya makocha. Amri zote za msimu uliopita zimo humo, na kila ishara maana yake. Nikipata ukurasa mmoja tu wenye hicho kiganja, nimemaliza.

Nikakumbuka nikiwa napiga mswaki.

Januari, makocha wote walipofukuzwa, maboksi yao yaliletwa chumba cha chini. Amri ilikuwa yasagwe kabla makocha wapya hawajaingia. Ndivyo ilivyo kila mahali, siri za klabu. Aliyesimama mbele ya mashine siku mbili, akilisha karatasi, ni mimi. Nakumbuka hata nilikuwa nasikiliza redio.

Hata hivyo nilishuka kutazama. Chumba kimefagiliwa. Kuna viti vya plastiki na mti wa Krismasi.

Makocha wenyewe wametawanyika, wawili wako kwa klabu pinzani. Nikiwapigia simu nafukuzwa kwa haki. Kuhusu wachezaji, hatuna ruhusa kuzungumza nao mambo ya uwanjani mpaka tarehe 15. Basi nani anajua maana ya kile kiganja? Wanaojua hawaulizwi. Wanaoulizwa hawajui.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimemwambia Vandermeer. Nilijizoeza maneno kwenye gari, kwa sauti, dakika ishirini nzima kwenye maegesho.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatazama klipu mbili, akiwa amesimama. Akaniuliza nani alinituma kuzitazama tena. Nikasema hakuna. Akauliza basi hizo saba ni za nani. Nikafungua mdomo, akanyanyua kidole, akaenda kufunga mlango.

"Hilo jina usilitaje humu ndani," akasema.

Najua. Ruffin ndiye aliyekuwa chaguo la kwanza la Kessler drafti ya mwaka jana. Picha yake ipo mapokezi, kubwa kuliko mlango. Kusema Ruffin hakutazama ni kusema Kessler hakuona.

Akakaa, akalegea kidogo. Si mtu mbaya. Ana mtoto wa umri wangu. Akaniuliza kama nina karatasi yoyote inayosema ile ishara inamaanisha nini.

"Zilisagwa, bwana."

"Basi ulichonacho, binti, ni mtu anayejishika kofia."

Nikasema mara saba, na mara zote saba wa kushoto anajibu. Akasema yeye mwenyewe hujikuna kichwa kila kikao na hakuna anayejipiga paja. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba Hollimon ana miaka thelathini na moja, na hata kama zingekuwa nne badala ya kumi na moja, siku yake ilikuwa inakuja. Namba yangu imeifupisha njia tu.

Nilitaka kusema kwamba bila namba yangu ile sumaku ingekuwa bado ya njano. Nikasema asante.

Jumapili, 7 Aprili

Chakula kwa Baba. Samaki wa mto Maumee, alimvua mwenyewe jana. Msimu huu samaki wanapanda mto na nusu ya wanaume wa Toledo wamesimama majini mpaka kifuani, bega kwa bega, wakizungumza mpira. Baba anasema mto mzima umekubaliana: 27 aondoke.

Hajui nimefanya nini kazini. Nimetia saini kwamba sitasema, na sijawahi kusema.

"Kila nikimwona kwenye televisheni yuko mgongoni mwa mtu," anasema. "Huyo si beki, Ilonka. Huyo anawasindikiza wageni mpaka mlangoni."

Akacheka mpaka akakohoa. Alifanya kazi kiwanda cha vioo miaka thelathini na nne. Nikamuuliza kama kule iliwahi kutokea kioo kivunjike mikononi mwa mtu, na kosa ni la aliyekipasha moto vibaya, huko juu. Akasema kila wiki. Nikauliza nani aliandikiwa kosa. Akaniangalia kama vile nimeuliza jua linachomoza wapi.

"Aliyekishika."

Akaniongezea viazi.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimejaribu kwa Kocha Pruitt, kocha mpya wa mabeki. Nilimvizia kwenye mashine ya kahawa. Nikamwomba anisaidie kusoma ishara moja ya mwaka jana.

Akasema hakuwepo mwaka jana. Anaweza kuniambia yeye angefanya nini, hawezi kuniambia wao walikuwa wanafanya nini. Nikamwonyesha kwenye simu, sekunde sita tu. Aliitazama mara mbili. Niliona uso wake. Ameelewa, naapa ameelewa, wanafundisha kitu kama hicho kila mahali.

Akanirudishia simu. "Kusema kweli, dada, sitaki kujua. Nikijua, itanibidi niseme."

Anamtaka beki mmoja kijana wa Mississippi, kwenye drafti. Yadi arobaini kwa sekunde nne nukta tatu tisa. Mstari ukiwa mwekundu, atampata.

Jumanne, 9 Aprili

Nimevunja kanuni. Nimezungumza na Hollimon.

Alikuwa kwenye benchi karibu na mashine ya barafu, mfuko wa barafu begani, miguu ameinyoosha. Hapakuwa na mtu. Nikajikuta nimesimama mbele yake. Nikauliza kiganja utosini maana yake nini.

Alicheka kwanza. Akauliza ni nani amenifundisha kutazama kamera ya nyuma, maana maskauti wengi hawaifungui, wanaona uvivu. Nikasema nimejifundisha. Nikasema kuna saba. Nikataja mechi, moja moja, na robo ya mchezo ilipotokea. Kicheko kikapungua kadiri nilivyotaja. Alikuwa anazijua zote. Mbili alizitaja kabla yangu.

"Unataka nikwambie hizo saba ni za nani," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Profesa, mimi ndiye wa mwisho. Nyuma yangu kuna mstari mweupe na watu wanaokula soseji. Chochote kinachopita pale nilipo ni changu. Hivyo ndivyo nilivyocheza miaka tisa, na sitaanza leo kugawa."

Nikasema kuna watu huenda wakahitaji kujua. Akasema yule dogo ana miaka ishirini na miwili, na mji mzima umeweka picha yake ukutani. Akivunjwa sasa hapandi tena. Kusikiliza atafundishwa, anamfundisha mwenyewe wakianza tarehe 15. Akasema hivyo kama mtu mwenye msimu mzima mbele yake.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Wanataka kukuacha. Wanakuacha kwa namba, na namba ni yangu. Maneno yalikuwa mdomoni, na karatasi niliyotia saini nikaiona vilevile, kila kifungu. Nikasema, "Sawa." Akaniambia nisiwe na wasiwasi, nimekonda. Yeye aliniambia mimi nisiwe na wasiwasi!

Jumatano, 10 Aprili

Klipu nane zimekamilika. Nilitia zile za kamera ya nyuma pembeni ya zile za ubavuni, ili kikao kione zote mbili. Vandermeer alizipitia jioni kabla ya kuondoka, akaondoa zote za nyuma. Akasema zinachanganya macho.

Alhamisi, 11 Aprili

Kikao. Nitaandika kama kilivyokuwa.

Watu tisa. Mimi ukutani na kompyuta ya kuendeshea klipu. Bwana Kessler kwenye ncha ya meza, miwani paji la uso. Klipu ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya nne kuna mtu alicheka kidogo. 27, 27, 27, daima anakimbia nyuma ya mtu. Nimezitazama mara mia, na hata mimi, nikiwa najua ninachojua, nilimwona mkosaji. Ndivyo picha inavyosema.

Kocha Pruitt aliulizwa maoni yake. Akasema kila kocha anapenda miguu michanga.

Kisha Kessler akashusha miwani. Akauliza ni nani aliyehesabu. Vandermeer akaninyooshea kalamu. Wote tisa wakageuka.

"Mara kumi na moja yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Una hakika, binti?"

Nilimtazama Vandermeer. Alikuwa anazungusha kalamu. Nilimtazama Pruitt. Alikuwa anasoma karatasi isiyo na maandishi, niliona kwa mbali kwamba haina maandishi. Nilikuwa na kidole juu ya kompyuta. Klipu za nyuma zilikuwa pale, kwenye faili la pili. Kubonyeza mara moja.

"Ndiyo, bwana."

Akasema kazi nzuri. Wakaendelea na mstari wa walinzi wa kati.

Swali lilikuwa kama alikuwa karibu. Alikuwa karibu. Sikusema uongo. Nimejiambia hivyo tangu mchana, mara nyingi sana, na kila mara naona kidole changu pale juu ya kompyuta.

Ijumaa, 12 Aprili

Asubuhi Hollimon aliingia kantini na maboksi mawili ya donati. Akawagawia wapishi, wafagizi, mtu wa taulo. Alipofika kwangu akainua mkono wa kulia wima mpaka juu, akauzungusha mara mbili, polepole, bila kukunja uso.

"Nimepita," akasema. "Daktari ametia saini. Bega hili jipya kuliko wewe, Profesa. Chukua ya chokoleti."

Nilichukua ya chokoleti.

Watu walimpigia makofi. Nilipiga na mimi. Nadhani nilikuwa mtu pekee pale kantini niliyejua kwamba Vandermeer amepiga simu kliniki mara mbili wiki hii kuuliza karatasi hiyo itatoka lini. Mchezaji mgonjwa haachwi hivihivi, kuna taratibu, kuna wanasheria. Aliyepitishwa na daktari anaachwa siku hiyohiyo. Miezi mitatu kila asubuhi amevuta kamba za mpira na kulia machozi mezani kwa wauguzi ili apone. Kumbe bega bovu ndilo lililokuwa linamlinda.

Saa sita Vandermeer akasema: anaachwa Jumatatu, mapema, kabla wenzake hawajatulia.

Nikakaa chini nikamwandikia Bwana Kessler mwenyewe. Barua pepe, aya tatu, klipu saba za kamera ya nyuma zimeambatishwa. Niliandika kwamba nimekosea. Niliandika neno hilo wazi: nimekosea. Sikulitaja jina la Ruffin, niliandika "beki wa upande wa kulia," utadhani kuna wawili. Nikaisoma mara sita. Nikabonyeza, kisha nikashika meza kwa mikono yote miwili.

Jibu lilikuja baada ya dakika kumi na nane. "Asante kwa bidii yako. Tutalizungumza baada ya drafti."

Mtandao unaonyesha kama faili limefunguliwa. Hajafungua hata moja.

Jumapili, 14 Aprili

Sikwenda kwa Baba. Nimesema naumwa. Si uongo sana.

Jumatatu, 15 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi, ukumbi wa chini. Saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Daftari nimeliweka ndani ya faili ili nionekane nafanya kazi.

Saa tatu kasoro Vandermeer aliniita. Anayetumwa siku zote kwa shughuli hii ni mzee Feeney wa usalama, lakini leo ameitwa mahakamani, zamu yake ya kukaa kwenye baraza la raia wanaoamua kesi. Kwa hiyo ni mimi. Nimwite 27. Nimwambie Bwana Kessler anamtaka juu, na aje na tableti yake.

Tableti ina mipango yote ya timu. Mchezaji akiambiwa aje nayo, anashuka bila hiyo, na bila kazi. Hakuna asiyejua hapa, hata mpishi.

Nikasema, "Bwana, ile barua niliyomwandikia meneja..."

Kumbe anaijua. Kessler alimtumia, na neno moja: Shughulikia. Hakunikaripia. Alisugua macho yake kwa vidole, akasema, "Juhasz. Tableti. Usisahau kuitaja, wengine hujidai wameiacha kwenye gari."

Nikashuka kwa ngazi. Lifti ingefika haraka.

Ukumbi umejaa, siku ya kwanza, muziki, watu wanakumbatiana, wanataniana nani kanenepa. Hollimon hakuwa kwenye kundi. Yuko mwisho kabisa, kwenye zulia, amepanga vikombe vya karatasi kumi na moja kwa kumi na moja, kama timu mbili, na Ruffin amekaa mbele yake amekunja miguu kama mwanafunzi wa chekechea. Nikasimama hatua tano kutoka kwao. Hawakuniona mara moja.

Hollimon alikuwa anasema kabla mpira haujachezwa kuna sekunde moja tu, na sekunde hiyo usimtazame mpokeaji, yeye hakimbii popote, nitazame mimi. Ruffin akasema mwaka jana hakuna aliyemwambia hivyo. Hollimon akasema alimwambia mara nne, na mara zote nne alikuwa na muziki masikioni. Ruffin akacheka, akasema ni kweli, Mzee, na ulikuwa muziki mbaya.

Kisha Hollimon akainua macho.

"Profesa. Umekuja kutazama, au umetumwa?"

"Nimetumwa."

"Juu?"

"Juu."

Alingoja. Nilijua anachongoja.

"Na tableti," nikasema.

Ruffin aliacha kutabasamu. Yupo mwaka wa pili tu, lakini analijua neno hilo. Akamtazama Hollimon, kisha mimi, kisha vikombe. Hollimon akanyoosha kikombe kimoja kilichokuwa kimeinama.

"Nipe dakika kumi," akaniambia. Akanionyesha benchi hili kwa kidevu. Akamgeukia Ruffin. "Tuanze upya. Tangu mwanzo."

"Mzee, nimeshaelewa."

"Hujaelewa. Kaa."

Ameanza upya. Anakwenda polepole kuliko mwanzo. Anaeleza kila kikombe, kinaogopa nini, kinatazama wapi. Dakika kumi zimekwisha zamani. Simu yangu imetetemeka mara tatu. Ya tatu ilikuwa ujumbe wa Vandermeer: Yuko wapi? Nimejibu: Anakuja.

Ningeweza kusimama niseme ni mimi niliyehesabu. Ningeweza kumwambia Ruffin apande juu mwenyewe aseme. Nimekaa.

Hollimon amefika mwisho sasa, ameweka mikono magotini kama mtu anayetaka kuinuka. Lakini Ruffin ameuliza swali. Amejibiwa, na ameuliza jingine. Na jingine tena. Anasogeza kikombe, anauliza na kikiwa hapa je, na kikiwa hapa. Mengine nadhani majibu yake anayajua. Anauliza tu, haachi nafasi ya mtu kuinuka kati ya swali na swali, na Hollimon anajibu.